Sahani Saba Mezani kwa Mzee Mak

Basi lilipovuka daraja la mwisho kabla ya mji wa Shunde, ng'ambo ya mpaka, Kwan Sau-ha alikuwa amekwisha vua viatu na kuweka miguu juu ya begi la sampuli, mbele za watu, wala hakujali. Zamani asingethubutu. Mnunuzi anayetoka Hong Kong hushuka kwenye basi amenyooka kama nguo iliyopigwa pasi sasa hivi, maana muuzaji huanza kumsoma tangu mlangoni. Akiona umechoka, anajua una haraka ya kurudi kwako, na mwenye haraka hununua ghali. Hilo Sau-ha hakufundishwa na mtu, alilinunua kwa hasara zake mwenyewe. Lakini siku hiyo magoti yalikuwa yamekataa kusikia habari ya biashara.

Kando yake alikaa mkwewe, Fok Kin-tat, mume wa binti yake wa pekee. Mwanamume wa makamo, mpana wa mabega, mpole wa maneno. Alikuwa fundi wa lifti mpaka kampuni yake ilipopunguza watu, na tangu hapo anasimama na mama mkwe kwenye kibanda cha vifungo, mtaa wa Sham Shui Po huko Hong Kong.

"Mama, vaa viatu. Tumefika."

"Naviona. Navyo vinaniona."

"Nikuvalishe?"

"Hee! Mkwe anivalishe viatu ndani ya basi? Niache angalau nifike na heshima, miguu itafuata nyuma."

Alivaa. Alishuka ngazi za basi kwa upande, kama kaa. Kin-tat akabeba begi na hakusema neno, na hilo Sau-ha alilipenda. Mtu anayejua kunyamaza anaweza kufundishwa biashara. Ila kufundishwa ni jambo moja, na kukubaliwa ni jingine. Safari hii ilikuwa ya kukubaliwa. Kama Mzee Mak wa vifungo vya kome angekubali kufanya biashara na Kin-tat, Sau-ha angekuwa amepanda basi hilo kwa mara ya mwisho. Akikataa, angelipanda tena baada ya miezi miwili, na tena, na tena, mpaka siku ya kushushwa amebebwa. Daktari alikwisha mwambia kuhusu ngazi. Yeye akamuuliza daktari kama anajua kiwanda cha vifungo kisicho na ngazi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Watu wa nje hudhani vifungo ni vifungo. Sau-ha aliingia kwenye kazi hiyo akiwa na miaka kumi na mitatu, kwenye kiwanda cha mashati huko Kwun Tong, akishona kifungo cha pili kutoka juu, hicho hicho, kutwa. Vilivyoanguka sakafuni vilifagiliwa na kutupwa. Akamwomba mfagiaji asitupe. Vikaja kujaza sinia, sinia likawa meza ya barabarani, meza ikawa kibanda chenye mlango wa kukunja na kufuli. Katikati ya hayo mume alikuja, akakaa miaka kadhaa, akaondoka na mwanamke wa Makau aliyeuza bima. Sau-ha hakufunga kibanda hata nusu siku. "Ningefunga," huwaambia wanaouliza, "wateja wangejua amenikuta na kitu cha kuchukua."

Kilichomweka mjini ni vifungo vya magamba ya kome, vile vinavyong'aa kama ndani ya kikombe cha kauri, ambavyo mashine za siku hizi huviiga na haziviwezi. Washonaji wa mashati wa Hong Kong wanavitaka, na anayevikata vizuri kuliko wote ni Mak Jan-tou, kwenye karakana yake nyuma ya mabwawa ya samaki. Mak haandikishani na mtu. Neno lake ndio mkataba, na neno lake hulitoa baada ya chakula, kamwe si kabla.

Na chakula chenyewe kilikuwa na desturi yake. Kwa haki, Sau-ha ni mgeni na Mak ni mwenyeji, basi Mak ndiye wa kuagiza. Lakini tangu mkutano wao wa kwanza Mak alimsukumia yeye kazi hiyo, kwa makusudi, akakaa nyuma kusikiliza. Sau-ha hakuchelewa kugundua kwamba anapimwa. Akiagiza samaki wa bei kubwa, Mak anajua kibanda kinauza, na bei ya vifungo inapanda kabla ya supu kufika. Akiagiza kinyonge, Mak anaogopa kwamba mteja wake anakufa, anaanza kutafuta mwingine. Basi akajifunza kuagiza katikati. Akitaka bei ishuke kidogo, anaacha kamba. Akitaka mzigo uharakishwe, anaongeza bata bukini. Mwaka mmoja aliagiza uji mtupu na mboga, Mak akala kimya, na siku hiyo hiyo akakubali kwamba wasichana wake ndio watakaochambua vifungo, vyenye ufa vibaki kwake. Mpaka leo Sau-ha huuhesabu uji ule kuwa ndiyo biashara bora aliyowahi kuifanya.

Mkahawa ulikuwa ule ule, bati juu, mapangaboi yakikoroma, matangi ya samaki mlangoni yakiwamwagia watu maji viatuni. Viti vya plastiki, na meza ya duara iliyofunikwa nailoni nyembamba ambayo wakimaliza huizoa pamoja na mifupa. Mak alikuwa ameshafika. Alikuwa akiosha vikombe na vijiti kwa chai ya moto kwenye bakuli, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto. Majira ya kuchipua alilazwa kwa ajili ya moyo, na waliomwona baadaye walisema amerudi nusu.

"Dada Ha!" aliita. "Umezeeka!"

"Na wewe shati limekuvaa, si wewe umelivaa. Kaa, usinyanyuke."

"Nani ananyanyuka? Nimekatazwa kunyanyuka, nimekatazwa pombe, nimekatazwa kukasirika. Nimebaki na kukojoa tu, nako kwa ruhusa." Akamtazama Kin-tat kutoka kichwani hadi viatuni. "Huyu ndiye yule wa lifti?"

"Huyu ndiye mkwe wangu. Kin-tat, msalimie Mzee Mak."

"Mzee Mak, habari ya afya?" Kin-tat alimiminia chai kikombe cha mzee kwanza, kisha cha mama mkwe, chake mwisho. Mak akagonga meza kwa vidole viwili kushukuru, lakini macho hayakucheka.

"Afya iko. Inaniangalia kwa mbali."

Sau-ha alivuta kiti na kukaa kwa sehemu sehemu, nyonga kwanza, mgongo baadaye. Kisha akasema lile neno alilokuwa amelipanga tangu mpakani, kwa sauti nyepesi, kama mtu anayeomba kijiti cha meno.

"Leo ataagiza yeye."

Mak akaweka kikombe chini.

"Yeye nani?"

"Kin-tat. Macho yangu yamechoka. Aende pale kwenye matangi, aonyeshe kwa kidole."

"Dada Ha, mimi sijatoka hospitali kuja kulishwa na fundi wa lifti. Nikitaka kupanda ghorofani nitamwita. Agiza wewe."

"Kaka Mak..."

"Agiza wewe. Tangu tuanze unaagiza wewe."

Kin-tat hakujitetea wala hakujichekesha. Alivuta kile kiti cha mama mkwe nyuma kidogo ili apate nafasi ya kunyanyuka. Sau-ha akanyanyuka. Alijua maana yake: Mak hajakataa bado, lakini amekwisha funga mlango na ameketi nyuma yake.

Kwenye matangi alikuwepo mhudumu mpya, msichana mwenye lafudhi ya mikoa ya juu huko milimani, simu mkononi tayari kubonyeza.

"Bosi, leo samaki ni huyu," alisema, akionyesha jitu lililolala chini ya tangi.

"Mrembo, huyo amechoka kuliko mimi. Nataka yule anayegombana na wenzake."

"Yule ni mdogo."

"Sisi ni watatu. Mpime. Toboa mfuko kwanza maji yatoke, usinipimie bwawa."

Msichana akacheka, akatoboa. Samaki akapigapiga, akapimwa, akaonyeshwa usoni kwa mnunuzi kama inavyotakiwa, akapelekwa. Huyo wa mvuke, na tangawizi. Kisha Sau-ha akaendelea bila kufikiri, kama mtu anayefunga mlango wa kibanda chake gizani. Supu ya siku, iliyochemka tangu alfajiri. Bata bukini wa kuchoma, robo, maana biashara ipo. Kamba hapana, maana haipo sana. Maziwa ya kukaanga, kwa sababu wapishi wa Shunde usipowaagiza maziwa wanakuona kama umewatukana. Samaki mkunga wa chungu na wali. Mchicha wa Kichina na kitunguu saumu. Hizo sita, za kutosha na za heshima.

Akageuka arudi. Toka pale alimwona Mak mezani akijaribu karanga iliyowekwa kwenye kisahani. Aliitafuna upande wa kushoto, akaihamishia kulia, halafu akaitoa kimya kimya na kuificha chini ya ukingo wa bakuli. Meno pia yalikuwa yamebaki hospitali.

"Mrembo," alisema Sau-ha. "Ongeza mayai ya mvuke. Laini. Yasiwe na chumvi nyingi."

"Mayai ya mvuke. Hayo tu?"

"Hayo tu."

Msichana akabonyeza simu. Angekuwa mhudumu wa hapo hapo, aliyezaliwa kwenye mabwawa yale, angeinua uso na kusema, shangazi, hebu hesabu tena. Huyu alitoka mbali. Naye Sau-ha, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukosea hesabu ya kifungo kimoja ndani ya gunia, alirudi mezani akiwaza magoti.

Supu ilikuja kwanza. Mak alikunywa kwa kelele, akafuta mdomo, akaanza yeye mwenyewe bila kusubiri aulizwe.

"Nimesikia unataka kustaafu."

"Nani kakwambia?"

"Umemleta mwanamume amebeba begi lako. Nilihitaji kuambiwa?"

"Hii kazi anaijua sasa. Mwaka mzima yuko kibandani. Ukimfumba macho anakutajia kifungo kwa kukigusa."

"Hata kuku akidonoa anajua punje." Mak akachukua kipande cha bata, akakiangalia, akakirudisha sahanini. "Sikiliza, Dada Ha. Mimi sifanyi biashara na ukoo, nafanya na mtu. Wewe nimekuona umekasirika, nimekuona una homa, nimekuona siku ile gari la mzigo limeanguka bwawani na wewe umeingia na sketi yako kuokota magunia. Huyu nimemwona akimimina chai."

"Anamimina vizuri," alisema Sau-ha.

"Anamimina vizuri, namkubalia. Mlete tena. Mlete mwakani, na mwaka unaofuata. Nitamtazama."

"Mwakani na mwaka unaofuata, Kaka Mak? Mimi na wewe tunajua kama hayo magunia ya miaka tunayo?"

"Sema wewe. Mimi nimekatazwa kukasirika."

Sau-ha alichukua samaki, sehemu ya shavu, akaiweka kwenye bakuli la Mak kwa sababu ndivyo inavyofanywa, na ndani yake alikuwa akipiga hesabu ya mabasi. Miaka miwili. Foleni za mpakani, taulo za hoteli zisizokauka, ngazi za karakana zenye matone ya maji ya kukatia kome. Ukubwa ni jalala, walisema wa kale. Kila takataka huletwa kwako. Alimwangalia Kin-tat apate kuona kama amevunjika moyo. Kin-tat alikuwa akila wali wake wa mkunga, ukoko kwanza, kama mtu asiye na kesi.

"Wewe husemi?" Mak alimgeukia.

"Mzee, nimekuja kula na kusikiliza."

"Lifti ikikwama na watu ndani, unasikiliza tu?"

"Kwanza nasikiliza. Ukianza kufungua kabla ya kusikiliza, inashuka na wewe."

Mak akatoa sauti puani, ikawa si kicheko wala si dharau. Maziwa ya kukaanga yakaja. Mchicha ukaja. Meza ikajaa, msichana akawa anasukuma sahani ukingoni apate nafasi, na mwisho akaleta bakuli pana la mayai ya mvuke, la manjano, likitetemeka, akaliweka katikati kabisa, mbele ya Mzee Mak.

"Haya bosi, zimetimia. Sahani zenu zote ziko mezani." Na kwa kuwa alikuwa mgeni katika kazi na alitaka kuonekana makini, akazihesabu kwa kidole na kwa sauti. "Saba."

Sau-ha akazihesabu tena kwa macho.

Katika nchi ile sahani saba huliwa pamoja siku moja tu, mkishatoka kuzika. Mnaketi na nguo zenu za msiba, mnakula saba, mnaondoka bila kuagana. Mama wa nyumbani akipika akiona zimekuwa saba, hukata embe akaongeza, au huunganisha mbili kwenye sahani moja. Mtoto wa shule anajua. Na Sau-ha alikuwa amemwagizia saba mtu ambaye majira ya kuchipua alifunguliwa kifua.

Mak aliweka vijiti chini. Hakuviweka juu ya bakuli, aliviweka mezani, sambamba, akaondoa mkono. Uso wake haukuwa na hasira. Afadhali ungekuwa nayo. Alikuwa akiitazama ile manjano inayotetemeka, na Sau-ha, ambaye angeweza kuuza ufa kama nakshi, hakupata neno hata moja. Kuomba radhi kungekuwa kulitaja jambo lenyewe mezani. Kunyamaza kulikuwa kulikubali.

"Mrembo!" aliita Kin-tat, mdomo bado una wali. "Saba vipi? Na ile yangu iko wapi?"

Msichana akarudi. "Ipi, bosi?"

"Keki ya mzizi wa yungiyungi. Ile ya kukaanga. Niliagiza mapema."

"Wewe hujaniagiza kitu."

"Sikukuagiza wewe. Nilipokwenda kunawa mikono nilimwambia yule kaka wa kwenye matangi."

"Kaka wa kwenye matangi ni bubu, bosi."

Meza ya jirani ikageuka. Sau-ha akafumba macho. Kin-tat akameza wali wake, bila haraka.

"Ndiyo maana alinitingishia kichwa tu. Mimi nikajua amekubali. Basi kosa langu, sikujua. Lakini mimi mtu wa tumbo kubwa, siwezi kwenda nyumbani bila ile keki. Nimeiwaza tangu Hong Kong. Waambie jikoni waiharakishe, nitangoja. Nane zikitimia ndipo useme zimetimia."

Yule msichana akamtazama, akatazama meza, akatazama vijiti vya mzee vilivyolala sambamba. Huenda mtu alikuwa amemgusia siku moja, huenda alielewa tu kutokana na nyuso. Akashika mdomo. "Inakuja," alisema, akakimbia kabisa, viatu vikipiga maji.

Hakuna aliyeshika vijiti. Kin-tat hakumtazama mama mkwe wake hata mara moja; wala hakujipongeza kwa kukohoa au kutabasamu. Alianza kumweleza Mak habari ya lifti moja ya jengo la Mong Kok ambayo kila mwezi wa sita ilikuwa ikigoma ghorofa ya nne, mafundi watatu wakaifungua na kuifunga, mpaka ikagunduliwa kwamba mpangaji mmoja mnene hupenda kuegemea kitufe cha kufungulia mlango wakati anaongea na simu. Haikuwa hadithi ya kuchekesha sana. Aliisimulia kwa urefu na mizunguko, kama mtu anayeongeza maji kwenye supu, na keki ikafika hadithi ingali na mizunguko miwili mbele. Vipande vinne vya kahawia, mafuta yakilia.

Sahani ya nane ikawekwa. Mak aliiangalia kwa muda. Halafu akaokota vijiti, akanyoosha mkono kupita bata, kupita samaki, akachukua kipande cha keki, akakiuma kwa meno ya pembeni, akatafuna kwa shida, akameza.

"Wewe ni mwongo," alimwambia Kin-tat.

"Ndiyo, Mzee."

"Ulikwenda kunawa mikono lini? Hujanyanyuka tangu uketi."

"Nina mikono michafu, Mzee. Nisamehe."

Mak akavuta bakuli la mayai kwake, akazamisha kijiko na kula vijiko viwili, vitatu. Yalikuwa laini, yalimfaa. Hakumwambia Sau-ha kitu kuhusu mayai, wala Sau-ha hakumwambia kitu, na jambo lile likapita hapo, likawa halikutokea. Kisha mzee akafuta mdomo na kuzungumza na Kin-tat, ila sasa kwa sauti nyingine, ile kavu na ya haraka, ambayo Sau-ha aliijua kuliko sauti ya ndugu zake.

"Mzigo wa chini ni magunia manne."

Kin-tat akaweka kijiko. "Ilikuwa matatu."

"Ilikuwa. Kome wamepanda."

"Kome hawapandi, Mzee, wako chini ya maji. Manne sawa, lakini mawili yafike kabla ya mwaka mpya. Washonaji hulia wakati ule."

"Moja kabla ya mwaka mpya."

"Mawili. Moja naweza kulibeba mgongoni, halihitaji mkataba."

"Mawili," alisema Mak. "Basi, na kuchambua mtachambua wenyewe. Wasichana wangu macho yameisha."

Sau-ha aliinua kichwa. Kuchambua! Uji ule mtupu, ule mwaka wa uji, ndio uliokuwa umelipia kuchambua. Vifungo vya kome vikija bila kuchambuliwa, kila gunia lina robo ya taka, na taka hiyo unainunua, unaisafirisha, unaipanga mezani usiku baada ya kufunga, ukivigeuza kwenye taa kimoja kimoja mpaka macho yatoe machozi. Mak alijua. Alikuwa akimtupia fundi wa lifti jiwe la kwanza. Na fundi akalidaka akidhani ni mfupa.

"Kuchambua tutachambua," alisema Kin-tat. "Ila vyenye ufa tunarudisha."

"Kurudisha kwa gharama yenu."

"Sawa."

Sau-ha akafungua mdomo. Alikuwa na maneno yote tayari, hata sauti ya kuyasemea. Angemwambia Mak kwamba wasichana wake macho hayajaisha, yameisha matumbo yao kwa sababu hawalipi vizuri. Angetaja kiwanda kingine huko mtoni chenye vijana ishirini wa kuchambua. Angeshinda, na dakika mbili zingemtosha.

Na Mak hakuwa akimtazama Kin-tat tena, alikuwa akimtazama yeye. Alikaa vile vile, kijiko kimeelea, akingoja. Sau-ha alikuwa amefanya naye biashara muda mrefu, asingeweza kukosa kuelewa anachongojea. Akiingilia sasa, ataipata bei yake nzuri, na mnunuzi ataendelea kuwa yeye, na basi la kurudi halitakuwa la mwisho. Mak alikuwa ameweka kuchambua mezani kwa ajili yake, si kwa ajili ya kijana. Alitaka kuona ni nani atakayelipa.

"Dada Ha," alisema Mak kwa upole. "Unasemaje?"

Kin-tat naye sasa akamgeukia. Kwenye uso wake Sau-ha aliona kwamba hajui amepoteza nini. Atajua. Usiku wa gunia la kwanza atajua, na mwaka unaofuata atakuja na uji wake mwenyewe, au atapata njia nyingine, au hatapata. Mchagua nazi hupata koroma, na mtu hujifunza kwa kuila koroma ile mpaka mwisho.

"Mimi nakula," alisema Sau-ha. "Muulize mwenye biashara."

Mak akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kifupi cha kifua kilichoshonwa, akishika mbavu kwa mkono. Akanyoosha kidole kwa Kin-tat. "Mwezi wa kwanza uje mwenyewe. Usimburute mama wa watu kwenye ngazi zangu. Na uje asubuhi, mimi mchana nalala."

"Mwezi wa kwanza, asubuhi."

"Na utaagiza wewe. Nitaangalia."

Wakaanza tena, sasa juu ya upana wa matundu, mawili au manne, na uzi upi unakata gamba na upi haukati. Kin-tat alikosea jambo moja, akarekebishwa, akakubali, akauliza tena. Hakuna aliyemgeukia Sau-ha kuomba ushahidi. Alichukua kipande cha bata kilichomshinda Mak, akakila, halafu kingine, akitoa mifupa juu ya nailoni. Nyama ilikuwa imepoa na ngozi imelegea. Alikuwa na njaa kuliko alivyodhani.

Msichana wa milimani akapita, akainama kwake, akanong'ona. "Shangazi, samahani. Sikujua."

"Mimi nilijua," alisema Sau-ha. "Niletee chai nyingine, mrembo. Ya moto."